Kwa nini mtoto wa sikoseli hufaa kunywa maji mengi

Mtoto mwenye ugonjwa wa sikoseli, au selimundu, huweza kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa bila jeraha lolote kuonekana. Wapo wazazi wanaodhani amerogwa, ilhali chanzo kimo ndani ya chembechembe nyekundu za damu.

Upana wa chembe moja ni takriban sehemu 8 kati ya 1,000 za milimita. Humo ndimo ilimosongamana himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya kawaida. Kasoro yenyewe ni ndogo, lakini huifanya protini hiyo inatane mara tu inapoachilia oksijeni.

Hapo himoglobini hujipanga yenyewe kuwa nyuzi ndefu, kama katani inavyosokotwa kuwa kamba. Kwa vile nafasi ni finyu, kamba hizo husukuma ukuta wa chembe hadi ikapinda mfano wa mundu. Chembe ngumu kama hiyo haipiti kwa urahisi katika mishipa myembamba. Huziba njia, na sehemu iliyokosa damu huuma.

Hata hivyo, kamba hazisokotwi papo hapo. Chembe ikipita upesi na kurudi mapafuni kupata oksijeni, huponea. Lakini mwili ukipungukiwa na maji, himoglobini husongamana zaidi na kamba huundwa haraka mno. Ndiyo sababu kuhara, homa na jua kali ni hatari kwa mgonjwa. Baridi nayo hubana mishipa.

Dawa ya haidroksiyurea huufanya mwili utengeneze himoglobini ya utotoni, ambayo huzuia kamba hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliohusisha watoto wa Kilifi na wa Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Dawa hii hutolewa na daktari, naye hupima damu mara kwa mara.

Mzazi, mpe mtoto maji siku nzima na umkinge na baridi na mbu. Akipata homa, akipumua kwa shida, tumbo likivimba ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea, mpeleke hospitalini bila kungoja kesho.

Wachumba nao wapimwe mapema. Wote wawili wakiwa na chembeuzi hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa.