Je, Wajua? Kutoka Asali ya Singida Hadi Kidonge Kinachoyeyuka Ulimini

Asali ikiganda haijaharibika
Asali ya Singida ikiganda chupani, si lazima mtu awe ametia sukari. Glukosi iliyomo hujipanga yenyewe kuwa fuwele: molekuli zimesimama kwa safu, kama wanafunzi mstarini asubuhi. Ichovye chupa kwenye maji ya uvuguvugu, nayo asali italegea tena!

Pipi ngumu ni sukari isiyo na safu
Ndani ya pipi, molekuli za sukari zimekaa shaghalabaghala, kama watu mnadani. Hali hiyo huitwa amofasi. Dawa nazo huweza kutengenezwa hivyo. Dawa ya namna hii kwa kawaida huyeyuka haraka, lakini unyevu ni adui yake: taratibu molekuli zake huweza kujipanga na kugeuka fuwele.

Barafu hutoweka bila kuwa maji
Kuna vidonge ambavyo dawa yake hugandishwa kwanza, kisha hewa hunyonywa mpaka barafu ipae kuwa mvuke. Kinachobaki kina vitundu tele kama sifongo, hivyo huyeyuka ulimini kwa sekunde chache bila maji. Chanjo ya surua na rubella inayofika zahanati za Iramba na Manyoni nayo hukaushwa kwa kugandishwa, na muuguzi huichanganya na kimiminika chake kabla ya kuchoma.

Mwanga hukagua kidonge bila kukivunja
Mwaka 1928, Mhindi C. V. Raman aligundua kuwa mwanga ukigonga kitu, sehemu ndogo mno hurudi na rangi nyingine: takriban chembe 1 ya mwanga kati ya milioni 10. Hiyo moja inatosha! Kwenye mchoro wa mwanga huo, fuwele huchora vilele vyembamba vilivyochongoka, amofasi huchora vilima vipana. Kwa kulinganisha michoro hiyo, mtaalamu hukadiria fuwele ni asilimia ngapi.

Dawa ileile, safu nyingine
Mwaka 1998, kapsuli za ritonavir, dawa ya kupambana na VVU, ziliondolewa sokoni baada ya fuwele ya aina mpya, ngumu kuyeyuka, kujitokeza kiwandani. Molekuli ilikuwa ileile. Mpangilio tu ndio uliobadilika. Basi kidonge cha kuyeyuka ulimini kiache ndani ya pakiti yake hadi saa ya kukitumia: kifuniko kile kinazuia unyevu usivuruge mpangilio wake.