Paa la Minnesota: jumla ndogo karatasini, hasara chini ya theluji

WANANCHI wa Afrika Mashariki walionunua nyumba katika jimbo la Minnesota, Marekani, wanakabiliwa na hesabu ambayo aliyejenga Kisumu au Morogoro hajawahi kuipiga: gharama ya kuezua paa zima na kuezeka upya mahali ambapo theluji hukaa juu ya nyumba kwa miezi kadhaa kila mwaka.

Wakenya ni wengi katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park. Kwa anayetaka kununua nyumba huko, au anayemchangia ndugu yake kununua, paa lenye umri wa miaka 15 au 20 ni deni ambalo halikuandikwa kwenye bei ya nyumba.

Nyumba nyingi za huko zimeezekwa kwa vigae vya lami, vipande vyepesi vinavyopigiliwa misumari juu ya plaiwudi. Lami hutokana na mafuta ghafi, hivyo soko la mafuta huonekana hadi juu ya paa. Mwaka 2008, mafuta yalipopanda na kupita dola 140 kwa pipa, bei ya vigae nayo ilipanda.

Namna ya kupima

Mafundi wa Marekani huuza kazi kwa kipimo cha futi 100 za mraba, yaani karibu mita 9.3 za mraba. Kinachopimwa ni paa lenyewe, wala si sakafu ya nyumba, na hapo ndipo wengi hukosea.

Chukua nyumba ambayo paa lake, likitazamwa kutoka juu, linafunika futi 1,200 za mraba. Kama paa linapanda inchi 6 kwa kila inchi 12 za upana, eneo halisi ni futi 1,342 hivi. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyokatwa na kutupwa, unapata vipimo 15. Kama paa linapanda inchi 12 kwa 12, nyumba ile ile inahitaji vipimo 19. Tuseme bei ni dola 600 kwa kipimo: tofauti ni dola 2,400, kabla fundi hajaongeza malipo ya kufanya kazi kwenye mteremko mkali.

Theluji inavyoleta maji ndani

Wengi wanaikumbuka picha ya Desemba 12, 2010, wakati paa la kitambaa la uwanja wa Metrodome mjini Minneapolis lilipochanika kwa uzito wa theluji. Nyumba za kawaida ni nadra kuanguka namna hiyo. Hasara yao huingia kwa matone.

Joto la ndani ya nyumba hupenya darini na kuyeyusha theluji iliyo juu ya paa. Maji huteremka hadi kwenye upenu, ambako hakuna joto chini yake, na kuganda tena. Barafu hiyo hujengeka kama ukuta, na maji yanayofuata hukosa njia, yakarudi nyuma chini ya vigae. Plaiwudi huoza, dari hupata madoa na kuta hulowa.

Kwa sababu hiyo, kanuni za ujenzi katika maeneo yenye tatizo hilo hudai utando wa kinata usiopitisha maji uanzie ukingoni mwa paa na kufika angalau inchi 24 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Utando huo haumalizi ugonjwa. Dawa yake ni kuziba mianya inayopitisha hewa ya joto, kuongeza sufi ya kuzuia joto juu ya dari, na kuweka matundu ya hewa chini na kileleni mwa paa. Mwenye nyumba anayelipia vigae vipya na kuliacha dari linavuja joto ataiona barafu ile ile majira ya baridi yanayofuata.

Wauzaji wengine huendelea kutaja nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa kazi ya kuzuia joto. Nafuu hiyo, iliyofikia asilimia 30 ya gharama na isiyozidi dola 1,200 kwa mwaka, ilikoma mwishoni mwa mwaka 2025. Isiingizwe kwenye hesabu za kazi mpya.

Makadirio mawili

Mfano huu unaonyesha jinsi jumla ndogo inavyoweza kumdanganya mnunuzi. Fundi wa kwanza anataka dola 9,000. Wa pili anataka dola 10,800, zikiwamo utando wa upenuni, kibali cha ujenzi, uchukuzi wa taka na plaiwudi 10 za kubadilisha zilizooza. Karatasi ya kwanza haitaji lolote kati ya hayo.

Paa linapoezuliwa, plaiwudi 12 zinakutwa zimeoza. Kwa dola 90 kila moja, fundi wa kwanza anadai dola 1,080. Anaongeza dola 900 za utando, 600 za taka na 200 za kibali. Jumla inafika dola 11,780. Wa pili anaongeza plaiwudi mbili tu, dola 180, na kufikia dola 10,980. Aliyeonekana ghali amekuwa rahisi kwa dola 800.

Taka zenyewe si jambo dogo. Vigae vya zamani vya paa la vipimo 15 vinaweza kufikia tani moja na nusu, na kama mwenye nyumba wa zamani aliezeka tabaka jipya juu ya la kale, uzito huo ni mara mbili. Mnunuzi aulize idadi ya matabaka kabla ya kutia saini.

Aidha, majira yana bei yake. Vigae hushikana kwa gundi inayoyeyuka kwa joto la jua. Kukiwa na baridi kali gundi haishiki, na fundi hulazimika kuipaka kwa mkono. Anayengoja hadi Novemba hulipia kazi ya ziada au hubaki na vigae vinavyoinuliwa na upepo.

Wapo wanaochagua bati. Wauzaji wa Nairobi na Dar es Salaam waliozoea geji 28, 30 na 32 watakuta kwamba bati la paa la nyumba huko mara nyingi ni geji 24 au 26, ambalo ni nene zaidi. Gharama yake ni kubwa kuliko vigae, ingawa hudumu zaidi. Theluji huteleza juu yake kwa mkupuo, hivyo huhitaji vizuizi juu ya milango na njia za watu.

Bima na mkataba

Minnesota hupigwa pia na mvua ya mawe, na wengi hutegemea bima ilipe. Bima nyingi humtaka mwenye nyumba ajilipie sehemu ya kwanza ya hasara, mara nyingine kwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima. Nyumba ya dola 300,000 yenye sharti la asilimia 2 humwachia mwenyewe dola 6,000. Kwa paa la dola 10,980, kampuni italipa dola 4,980.

Hali ni mbaya zaidi kama bima hulipa thamani ya paa baada ya kutoa uchakavu. Paa la miaka 15 lililohesabiwa kudumu miaka 20 limebaki na robo ya thamani, yaani dola 2,745. Kiasi hicho hakifiki dola 6,000, kwa hiyo bima hailipi hata senti.

Sheria ya Minnesota inamkataza mkandarasi wa paa kuahidi kumlipia au kumrudishia mteja sehemu yake hiyo. Anayetoa ahadi hiyo mlangoni baada ya dhoruba aogopwe. Madai yakikataliwa, mteja ana saa 72 tangu kuarifiwa na kampuni ya bima kuuvunja mkataba.

Hatari ya mwisho ni kulipa mara mbili. Mkandarasi asipomlipa muuzaji wa vigae, muuzaji huyo anaweza kuandikisha dai juu ya nyumba ndani ya siku 120, hata kama mwenye nyumba amekwisha kulipa kila kitu. Kinga ni kudai hati ya kila muuzaji na fundi mdogo inayothibitisha kwamba ameacha dai lake, kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Leseni ya mkandarasi nayo inaweza kuhakikiwa katika idara ya kazi na viwanda ya jimbo.

Kwa anayenunua nyumba, wakati wa kupiga hesabu zote hizi ni kabla ya kukubaliana bei. Umri wa paa, matabaka yake, hali ya darini na masharti ya bima vikijulikana mapema, dola 10,000 za paa zinaweza kupunguzwa kutoka kwenye bei ya muuzaji. Zikijulikana baada ya theluji ya kwanza, zitatoka mfukoni mwa mnunuzi.