Picha Moja Yaweza Kulinda Ziwa



Maji tunayokunywa hapa Stockholm hutoka Ziwa Mälaren, na humohumo watoto wetu huogelea, pale Långholmen. Zamani maji ya vyoo yalimwagwa ziwani yalivyo. Mtambo wa kwanza wa kuyasafisha ulifunguliwa Åkeshov mwaka 1934. Ule wa Henriksdal, uliochimbwa mwambani, mwaka 1941.

Hata hivyo hatari haijaisha. Katika mitaa mingi ya katikati ya mji, maji ya vyoo na ya mvua hupita bomba moja. Mvua kubwa inaponyesha, hufurika ziwani.

Hapo kamera hufaa. Tuliokulia kando ya Mto Msimbazi twajua kuwa malalamiko bila ushahidi husahauliwa. Uonapo bomba litoalo uchafu, piga picha ya karibu, kisha ya mbali ionyeshayo daraja au jengo. Andika tarehe, saa na hali ya hewa, kwani uchafu utokao siku kavu wadokeza hitilafu. Rudi kesho, upige papo hapo. Zipeleke idara ya mazingira ya manispaa, Miljöförvaltningen. Maji usiyaguse, wala usiwapige picha waogeleao.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tupone pamoja.