Minyoo ya Panya na Kondoo Wako

Wakati wa mvua ndefu mkulima mmoja aliingia ofisini hapa Chepseon amejaa huzuni. Kondoo wake watatu wamekufa, na hao ndio aliowatazamia kwa karo ya mtoto. Alipoambiwa kwamba wataalamu hufuga minyoo ndani ya panya, akasema, "Karani, minyoo inaniulia kondoo, na wao wanaifuga! Faida yake nini?"

Ni swali la haki. Wewe mkulima, sikiliza jibu.

Panya hula kidogo na hukaa ndani ya sanduku, tena minyoo yake ya tumboni ni jamaa ya minyoo ya kondoo. Mwaka 1975, kampuni ya Merck ya Marekani iliwajaribia panya wenye minyoo vitu vilivyotokana na vijidudu vya udongo wa Japani. Kimoja kiliiondoa minyoo. Ndipo ikapatikana dawa ya ivermectin, inayotibu mifugo na watu. Mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Omura walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Tena wataalamu huchunguza protini za minyoo. Mwaka 2017 wale wa Scotland walieleza protini moja ambayo mnyoo wa panya huitema. Protini hiyo huiga ishara ya mwili ya kutuliza kinga. Ni kama mwizi aliyevaa sare ya askari: mlinzi humpisha.

Je, kondoo wako? Mnyoo wake mbaya, Haemonchus, hunywa damu. Minyoo 5,000 yaweza kumaliza robo lita kwa siku. Huko Scotland protini za utumbo wa mnyoo huyo zilitumiwa kutengeneza chanjo. Kondoo aliyechanjwa huwa na kinga katika damu, na mnyoo akiinywa damu hiyo, utumbo wake huharibika. Chanjo hiyo ilianza kuuzwa Australia mwaka 2014. Lakini nguvu yake hupungua upesi, hivyo yapasa kurudiwa mara kwa mara.

Basi usingoje chanjo. Fanya haya leo:

1. Toa dawa kwa uzito wa kondoo, usikisie. Dawa pungufu huacha hai minyoo sugu, nayo huzaa mingine isiyosikia dawa.

2. Funua kope ya chini ya jicho. Ikiwa nyekundu, ni vema. Ikiwa nyeupe, damu imepungua. Mtibu kondoo huyo upesi. Uvimbe chini ya taya pia ni dalili mbaya.

3. Badilisha malisho. Penye joto na unyevu, mayai yaliyo katika mavi huwa mabuu ya kuambukiza kwa muda wa kama juma moja, nayo hupanda juu ya majani. Wanakondoo wapewe malisho yaliyopumzishwa.

4. Ukinunua dume, mfikirie kondoo Mwekundu wa Kimasai. Majaribio ya Diani, Pwani, katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba huyu huwashinda Dorper kwa kustahimili minyoo.

Na yule mkulima? Tulipomwuliza, kumbe chupa moja ya dawa aliigawia kundi zima, kila kondoo funda moja, mkubwa kwa mdogo. Alidhani anaokoa fedha, kumbe minyoo ilibaki na kondoo walikwisha. Sasa huja kwanza kuuliza kipimo. Nawe uje, kuuliza hakuna malipo.