Mkristu na Kazi za Mji: Juu ya Kutia Sahihi

Katekista mmoja alitufikia jioni, na karatasi mkononi. Alikuwa katika komite ya kupokea vitu vya shule, katika senta moja ndogo ambayo hatutaitaja. Karatasi ilisema: tumepokea viti 60 vya wanafunzi, vyote vizima. Lakini yeye alihesabu 34. Wakubwa wa ofisi walimwambia: «Tia sahihi tu, katekista, vingine viko njiani.» Akatuuliza: «Padri, nikitia sahihi, dhambi ni yangu ama ni ya wale walioandika?»

Swali hili ni la wakristu wengi leo. Kabla ya kulijibu, tufahamu kwanza namna kazi za mji zinavyopaswa kutolewa.

I. Franga za mji zinatoka wapi?

Sharia ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba mji, komini, sekteri na shefferi vina uwezo wa kuongoza mambo yao na kuwa na fuko lao. Baraza linakubali hesabu ya mwaka. Bugumestre, ao mkubwa wa sekteri, pamoja na wasaidizi wake wanaitimiza. Lakini mabaraza hayo yalichelewa sana kuchaguliwa. Mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, raia walichagua wajumbe wa komini tarehe 20 Desemba 2023, tena si pahali pote. Pahali pasipo baraza, ni nani anayemwuliza mkubwa hesabu?

Nazo franga si kidogo pahali pote. Sharia ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inagawanya kodi ya madini hivi: katika kila franga 100, serkali kuu inapata 50, provinsi 25, komini ao sekteri ao shefferi yenye mgodi 15, na 10 zinawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwa hiyo sekteri ambayo zamani ilikosa hata karatasi za ofisi inaweza leo kujenga shule, daraja na dispanseri. Ao inaweza kuzipoteza franga zote bila kuacha hata tofali.

II. Njia ya haki

Sharia ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya kazi zinazolipwa na serkali, zile tunazoziita «marshe», inafungua njia hii. Kwanza kazi iandikwe katika mpango. Kisha itangazwe, ili kila mwenye kuiweza alete bei yake katika bahasha iliyofungwa. Bahasha zifunguliwe siku iliyotajwa, mbele ya wale walioleta bei. Komisyo izichungue, na kazi ipewe yule mwenye bei nzuri kati ya wale wenye kuiweza kweli. Aliyeona kwamba hakutendewa haki, anaweza kulalamika kwanza kwa ofisi yenyewe, kisha kwa ofisi kuu ya kuchunga marshe. Kutoa kazi kwa mapatano ya watu wawili, bila tangazo, kunaruhusiwa kwa sababu chache tu.

Maana ya yote hayo ni moja: mali ya wote itumiwe mbele ya macho ya wote.

III. Pahali panapobomoka

Mwizi wa mali ya mji si lazima avunje mlango. Anaikata kazi moja kubwa vipande vidogo vidogo, ili kila kipande kiponyoke sharia ya kutangaza. Sharia yenyewe inakataza jambo hilo. Ao anampa kazi shemeji yake, akiandika jina la mtu mwingine. Ao anapatana na mjenzi: «Nitakulipa 100, nawe utanirudishia 20.» Watu wetu wanaita neno hilo «operasyo retur». Mjenzi naye hatakubali hasara: atapunguza sima, atapunguza vyuma, na mvua ya kwanza itaonyesha hesabu ile ya siri.

Lakini uwongo huo wote una mlango wa mwisho, ndio karatasi ya kupokea kazi. Pasipo karatasi ile, mjenzi hapaswi kulipwa. Ndiyo sababu wanatafuta sahihi ya mtu anayeaminiwa: mwalimu, muganga, katekista. Hawanunui mkono wake. Wananunua jina lake jema.

IV. Jibu kwa katekista

Mtakatifu Tomaso, akifundisha juu ya kurudisha mali ya wengine, anahesabu njia tisa za kushiriki katika wizi. Katika njia hizo kuna ile ya mtu anayenyamaza, na ya yule asiyezuia akiweza na akipaswa kuzuia. Huyu wa mwisho anafungwa kurudisha, hata kama hakula franga moja.

Basi katekista wetu asiseme: «Sikuandika mimi.» Yeye amewekwa pale ili ahesabu. Akitia sahihi juu ya 60, anavunja amri ya nane kwa neno na anasaidia kuvunja amri ya saba kwa tendo. Watoto 26 wanaokaa chini wataweza kumdai.

Tulimwambia hivi: usikatae kwa hasira, wala usitukane wakubwa. Andika juu ya karatasi: «Nimehesabu 34», tia tarehe, ndipo utie sahihi, ukajiwekee kopi. Akafanya hivyo. Tusiwadanganye wasomaji: mwezi uliofuata alitolewa katika komite. Viti 20 vilifika kisha miezi mitano; 6 havijafika hata leo.

V. Na sisi mapadri?

Kanuni ya 285 ya Sharia ya Eklezya inatukataza kushika kazi za utawala wa serkali. Kazi yetu ni kuwafundisha wale wanaoingia humo, na kusimama karibu nao wakipata taabu kwa sababu ya haki. Katekista yule alipotolewa, wakristu wengi walimcheka. Ilikuwa lazima tumsifu mbele yao siku ya Mungu, nasi tulichelewa.

Kuna neno lingine linalotuuma. Jioni ile tulikumbuka kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumetia sahihi juu ya mifuko ya sima ya parokia bila kuihesabu. Mtakatifu Paulo, alipopeleka mchango kwa maskini wa Yeruzalemu, hakupenda kuuchunga peke yake. Alitaka mambo yake yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la mali, na kanuni ya 1287 inataka waamini waonyeshwe hesabu ya vile walivyotoa. Padri asiyesoma hesabu ya parokia mbele ya wakristu atamwambia bugumestre nini?

Tuanze kwetu. Tuhesabu mifuko, ndipo tutie sahihi.