Sufuria ya maharagwe, ndoo ya dang'a

Mgeni kutoka Mombasa akifika Kericho hushangazwa na mambo mawili: baridi ya asubuhi, na maharagwe yasiyotaka kuiva. Kwao, yaliyolowekwa usiku huwa tayari kabla ya adhana ya adhuhuri. Huku yanatokota na kutokota, kuni zinaongezwa, na ukibonyeza punje kwa vidole unakuta bado ina kiini. Kosa si la kuni wala la muuzaji sokoni. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100. Chochea utakavyo, povu litazidi na mvuke utazidi, lakini joto ndani ya sufuria halitasogea.

Nyuzi hizo saba hazihusu ulaini wa githeri peke yake. Ndani ya punje mbichi mna protini ndogo ambazo kazi yake ni kumnyima mlaji faida ya alichomeza. Huitwa vizuia-tripsini.

Tripsini ni kimeng'enya cha kongosho, na jina hilo ilipewa na Mjerumani Wilhelm Kühne mwaka 1876. Hufanya kazi katika utumbo mwembamba, na kazi yake ni ya mkasi. Hupita kwenye uzi mrefu wa protini ya nyama, yai au maharagwe, na kila ikutanapo na asidi amino ya lisini au arginini, hukata. Kizuizi huijia kwa kutumia uchu wake huo huo. Nacho ni protini, na kwenye kitanzi kilichochomoza mbele kimebeba lisini au arginini. Tripsini hung'ata. Lakini kitanzi kimekazwa kikakazika, hakifumuki kama protini nyingine, na mkasi unabaki meno yamenasa. Kizuizi kimoja mashuhuri, kile cha kongosho la ng'ombe, kina asidi amino 58 tu, na kikishikamana na tripsini huchukua miezi kuachana.

Soya ndiyo iliyowafungua watu macho. Mwaka 1917 Osborne na Mendel, watafiti wa Marekani, waliona kuwa panya waliolishwa soya mbichi hawakui, ila wakipewa iliyopikwa wananawiri. Karibu miaka 30 baadaye Moses Kunitz akakitoa kizuizi chenyewe katika umbo la fuwele. Mfugaji wa kuku anayejichanganyia chakula ili kukwepa bei ya dukani hukutana na jambo hilo bila kulijua jina. Akisaga soya mbichi, vifaranga hula vizuri na hawanenepi. Utumbo ukikosa tripsini iliyo huru huidai zaidi, kongosho nalo linatii, linatengeneza, linavimba kwa kazi, na kila kinachotengenezwa kinanaswa na kutoka na kinyesi. Kifaranga anapoteza protini ya chakula na yake mwenyewe juu yake. Dawa ni kuikaanga soya au kuichemsha kabla ya kusaga.

Kwa haki, katika maharagwe mekundu kuna mbaya zaidi: lektini, ambayo punje chache tu zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima usiku kucha. Moto wenye maji huvunja vyote viwili, ila kuna aina ya kizuizi yenye asidi amino 71 zilizofungwa kwa pingu saba za salfa, na hiyo haikubali haraka. Ndiyo maana sioni sufuria ya presha kuwa anasa ya mjini. Huku juu inarudisha nyuzi tulizonyimwa na mlima, na kupita 100 kabisa.

Mmea haukutengeneza silaha hii kwa ajili yetu. Mashamba ya viazi ya Bomet yana viwavi, na wadudu wengi nao humeng'enya kwa tripsini yao. Mwaka 1972 Green na Ryan, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, walionyesha kuwa mdudu akitafuna jani moja la kiazi au nyanya, hata majani ambayo hajayagusa hujaa vizuizi. Jani lililoumwa limepeleka habari. Katika nyanya, tarishi mmoja alikuja kutambuliwa mwaka 1991: protini fupi ya asidi amino 18. Wadudu nao hawakukaa bure, maana wapo walioanza kutoa tripsini ya umbo jingine isiyonaswa.

Kongosho letu wenyewe lina kizuizi chake, mlinzi wa kukamata tripsini iliyoamka kabla ya wakati, isije ikamega kiungo kilichoizaa.

Lakini kizuizi ninachokipenda mimi kiko kwenye zizi. Ng'ombe amezaa saa tisa usiku, tochi inamulika, ndama anatetemeka kwenye nyasi. Amezaliwa bila kingamwili za mama, kwa kuwa kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Zote ziko kwenye dang'a, ile nzito ya manjano inayonata vidoleni na ambayo mnunuzi wa maziwa haipokei. Tatizo ni kwamba kingamwili ni protini, na tripsini haichagui. Basi dang'a inakuja na kizuizi chake ndani, kingi kuliko cha maziwa ya kawaida, ili askari wafike salama. Laskowski wawili, baba na mwana, waliking'amua na kukitoa kwa fuwele mwaka 1951. Baada ya siku chache kinapungua sana. Hata hivyo mlango wa utumbo wa ndama hujifunga ndani ya saa 24 hivi, kwa hiyo aliyesema atamnyonyesha kesho amechelewa.

Dang'a ikiwa imepoa, usiibandike motoni. Itaganda kama yai, na kingamwili zitaharibika. Jikoni, maharagwe yanaendelea kutokota mafigani. Kando yake, ndoo ya dang'a imeketishwa ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, na mwenye ng'ombe anachovya kidole kupima kama imefikia joto la kiwele.