Laptopu Inayojizima na Kujiwasha: Usikubali Ifutwe Kabla ya Kujua Ina Nini

Wiki mbili kabla ya mfungo, khalati yangu alinijia nyumbani na laptopu ameifunika kwa leso kama mtoto mgonjwa. "Mwanangu, hii itaniadhiri," akasema.

Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha kina mama wa mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale. Hesabu za miaka sita zimo humo: nani ametoa, nani amekopa, nani anadai. Walikuwa wagawane kabla ya Idi. Sasa kila akiiwasha, nembo inatokea, viduara vinazunguka, kioo kinazima, kisha nembo tena. Fundi mmoja alishamwambia dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. "Nikiwaambia wenzangu hesabu zimepotea, nani ataniamini?"

Nawaandikia nilichofanya, kwa sababu tatizo hili ni la wengi, na wengi hukimbilia kufuta.

Kwanza, tazama inazima wakati gani. Laptopu ikiwashwa hujikagua yenyewe, kisha hutafuta diski, ndipo huita Windows. Ikizima kabla hata ya nembo, shuku umeme, memori au joto. Ikizima baada ya viduara kuanza kuzunguka, mara nyingi kasoro ni ya diski au ya Windows yenyewe.

Pili, ipunguzie mzigo. Chomoa flashi, mausi, printa na chaja. Kama betri inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja tu na ujaribu.

Tatu, ipime bila Windows. Ukiiwasha, gonga F2, F10, Esc au Delete, kutegemea aina yake, hadi ukurasa wa BIOS ufunguke. Iache hapo dakika 15. Ikizima hata hapo, Windows haina kosa. Ifungue: huku kwetu pwani vumbi huziba feni, na hewa ya chumvi hutia kutu miguu ya memori. Safisha feni, toa memori, ifute taratibu kwa kitambaa kikavu, irudishe. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Ya khalati ilitulia dakika zote 15. Basi nikajua fundi hakukosea kuishuku Windows. Alikosea kuharakisha kufuta.

Nne, lazimisha iseme. Windows ikipata hitilafu kubwa hujiwasha upya yenyewe, na ujumbe wa kosa hupita kabla hujausoma. Nembo ikitokea, shikilia kitufe hadi izime. Rudia, na kwa kawaida mara ya tatu hufungua ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart. Namba 4 huiwasha kwa Safe Mode, yaani na vitu vya lazima tu. Namba 9 huizuia isijiwashe upya baada ya kosa.

Safe Mode ilikataa. Nikachagua 9, kioo kikabaki buluu na maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE: Windows imeshindwa kuifikia diski inayowashia. Nikamuuliza khalati ilianza lini. Akakumbuka: stima ilikatika usiku laptopu ikijisasisha, na betri yake ilikufa zamani. Sasisho lilikatikia njiani.

Hapo sikugusa tengenezo lolote kwanza. Nilifungua skrubu, nikatoa diski, nikaitia kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye laptopu yangu. Hesabu zote zilikuwamo. Nikanakili kwenye flashi mbili. (Laptopu nyingi za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker, hiyo itakudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.)

Ndipo nikarudisha diski, nikaingia Advanced options, nikachagua Uninstall Updates. Baada ya robo saa ikawaka.

Msidhani haya ni ya laptopu kuukuu tu. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani, zikawa zinajizima na kujiwasha vivyo hivyo. Nyingi zilipona kwa kuingia Safe Mode na kuondoa faili moja. Data za watu hazikuhitaji kufutwa.

Kwa hivyo ukimpelekea fundi, mwambie mapema: nakili kwanza, tengeneza baadaye. Akisema haiwezekani, muulize ameitoa diski akaijaribu kwenye mashine nyingine? Kama hajaijaribu, ichukue uende kwa mwingine.

Khalati sasa ana betri mpya. Flashi moja anayo yeye, ya pili iko kwa katibu wa chama. Mali ya watu haikai mahali pamoja.